Likizo ya majani Minnesota: Hesabu yake huanza Juni

KILA mwaka katikati ya Oktoba, shule nyingi za jimbo la Minnesota, Marekani, hufungwa Alhamisi na Ijumaa ya wiki ya tatu ili kuwapisha walimu wahudhurie kongamano la chama chao. Ukijumlisha Jumamosi na Jumapili, mzazi anapata siku nne za kukaa na watoto kabla ya theluji kutanda.

Ni katika siku hizo ambapo familia nyingi hupakia magari na kuelekea mbuga za jimbo kutazama majani yakibadilika rangi. Majira haya Wamarekani huyaita kwa neno linalomaanisha kuanguka, na kwa kweli jina hilo ni onyo. Wapo wanaoendesha gari zaidi ya kilomita 300 hadi kaskazini, wakalipia mahali pa kulala, kisha wakakuta matawi matupu.

Kwa Wakenya wanaoishi huko, wakiwemo wengi wenye asili ya Gusii walio katika vitongoji vya Minneapolis kama vile Brooklyn Park, hasara si ya petroli pekee. Wengi wao hufanya kazi kwa zamu hospitalini na katika makao ya kutunzia wazee. Kupata Ijumaa na wikendi nzima ni kukosa malipo ya siku hizo, au kumbembeleza mwenzako mbadilishane zamu, na deni la zamu mara nyingi hulipwa Krismasi.

Kosa haliko katika mahali walikochagua. Liko katika kalenda.

Kwanza ieleweke kwamba mbuga hizi si kama Maasai Mara au Tsavo. Hakuna simba wala ndovu. Ni misitu, maziwa, maporomoko ya maji na njia za kutembea kwa miguu, na mwenye mali ni jimbo lenyewe wala si serikali ya kitaifa. Minnesota ina zaidi ya 60 na zinasimamiwa na Idara ya Maliasili ya jimbo. Kongwe zaidi ni Itasca, iliyotengwa mwaka 1891 baada ya mswada wake kupita bungeni kwa kura moja tu.

Jani nalo halipati rangi mpya kwa usiku mmoja. Siku zinapofupika, mti huacha kutengeneza ile kemikali ya kijani inayotumia mwanga wa jua kupika chakula. Kijani kikififia, manjano yaliyokuwa yamejificha ndani ya jani tangu mwanzo hujitokeza. Nyekundu ni jambo jingine. Mti wa mepo, ule ambao utomvu wake huchemshwa kuwa shira, huitengeneza rangi hiyo wakati huo huo kutokana na sukari iliyonaswa kwenye jani. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kuganda huikoleza, lakini upepo mkali wa siku moja unaweza kuyaangusha yote.

Wimbi hili huanza kaskazini na kushuka kusini. Kaskazini ya jimbo, kilele huwa kati ya katikati na mwisho wa Septemba. Maeneo ya kati hufuata mwisho wa Septemba hadi mwanzo wa Oktoba. Kusini, hasa pembe ya kusini mashariki, rangi huweza kudumu hadi katikati ya Oktoba.

Ukiweka ratiba hiyo kando ya kalenda ya shule, jibu liko wazi. Mwenye siku nne za kongamano la walimu anafaa kuelekeza gari kusini. Kaskazini ni ya yule anayeweza kuondoka wikendi ya mwisho ya Septemba, hata kama ni kwa usiku mmoja.

Inaeleweka kwa nini wengi hukimbilia kaskazini. Barabara nambari 61 inayofuata ukingo wa Ziwa Superior kutoka Duluth ina mbuga zilizopangana: Gooseberry Falls yenye maporomoko, Split Rock Lighthouse yenye mnara wa taa juu ya jabali, na Tettegouche yenye milima na maziwa ya ndani. Mnara huo ulikamilika mwaka 1910, baada ya dhoruba ya Novemba 1905 kuharibu meli nyingi ziwani. Kuingia katika mnara wenyewe hulipiwa kando, jambo ambalo huwashtua waliodhani wamemaliza kulipa langoni.

Huku kuna mawimbi mawili ya rangi, na wageni wengi hujua moja tu. Mepo zilizo kwenye vilima mbali na maji huiva kwanza, mwishoni mwa Septemba. Miti ya manjano iliyo karibu na ufuo huchelewa hadi mwanzo wa Oktoba kwa sababu maji ya ziwa huhifadhi joto la kiangazi. Kwa hivyo aliyekosa nyekundu milimani bado anaweza kupata manjano ufuoni, mradi asisubiri hadi wiki ya tatu.

Itasca iko katikati ya mbio hizi, na wiki ya kwanza ya Oktoba si mbaya kwake. Hapo ndipo mto Mississippi unapoanzia, ukiwa mdogo kiasi kwamba mtoto anauvuka kwa kurukaruka juu ya mawe. Misonobari yake mirefu ingalikuwa mbao zamani kama si watu wachache wakaidi. Mmoja wao ni Mary Gibbs, aliyekuwa na umri wa miaka 24 aliposhika usimamizi wa mbuga hiyo mwaka 1903 baada ya kifo cha babake. Alikwenda mwenyewe kukabiliana na wakataji miti waliokuwa wameziba maji kwa bwawa, na walimtishia kwa bunduki.

Kusini mashariki ndiko kwenye mbuga zisizovuma sana. Whitewater, iliyo umbali wa takriban saa mbili kutoka Minneapolis, ina majabali ya mawe ya chokaa na vijito vya samaki aina ya trauti. Frontenac inatazama Ziwa Pepin. Great River Bluffs iko juu ya genge, na kutoka hapo mtoto aliyeruka mawe kule Itasca atauona mto ule ule ukiwa mpana, wenye matishari yanayoteremsha mahindi na soya kuelekea kusini. Isitoshe, miti ya mwaloni ya huku hushikilia majani yake ya hudhurungi muda mrefu, kwa hivyo hata aliyechelewa kidogo haoni matawi matupu.

Hesabu ya pesa

Mkenya aliyezoea lango la mbuga ambako kila kichwa hulipiwa atashangaa: Minnesota kibali ni cha gari, si cha mtu. Mwaka 2017, ada ilipanda kutoka dola 5 hadi 7 kwa siku, na kutoka dola 25 hadi 35 kwa kibali cha mwaka. Wabunge wa jimbo ndio huweka viwango hivi, kwa hivyo ni vyema kuangalia ada ya sasa katika tovuti ya Idara ya Maliasili kabla ya kupiga hesabu.

Chukua familia ya watu sita: wazazi, watoto watatu, na nyanya aliyetoka Kisii kuwatembelea. Kwa ada hizo za 2017, wakienda kwa magari mawili kwa siku tatu watalipa dola 42. Wakijibana katika gari moja la viti saba, ni dola 21. Kibali cha mwaka nacho, kwa kuwa ni sawa na ada ya siku tano, kinajilipa chenyewe kwa familia inayopanga kurudi majira ya kiangazi, na hutumika katika mbuga zote za jimbo.

Kuna njia za kulipa kidogo zaidi. Kila mwaka jimbo hutoa siku nne za kuingia bila malipo, moja ikiwa Septemba na nyingine Ijumaa inayofuata sikukuu ya Thanksgiving mwezi Novemba, ingawa kulala bado hulipiwa. Baadhi ya maktaba za umma huazimisha kibali cha muda jinsi zinavyoazimisha vitabu. Na Gooseberry Falls, anayeegesha gari kwenye kituo cha wageni kando ya barabara kuu hahitaji kibali kutembea hadi kwenye maporomoko.

Gharama kubwa ni kulala. Hoteli za kando ya Ziwa Superior hupandisha bei wakati wa majani, na ndiyo sababu vibanda vya mbao vya mbugani hugombaniwa. Kibanda ni chumba kimoja chenye vitanda vya kupandiana vinavyotosha familia ya kawaida. Hakina maji ya bomba wala choo ndani, na kupika hufanywa nje. Blanketi, mito na sufuria huletwa na mgeni. Nyanya wa Kisii hatashangazwa na choo cha nje, ila baridi ya Oktoba usiku, inayoweza kufikia kiwango cha kuganda, ni habari nyingine. Aulizaye mapema atapewa kibanda chenye kipasha joto, kwa maana si vyote vinacho.

Hapa ndipo mwezi wa Juni unapoingia. Nafasi za kulala hufunguliwa siku 120 kabla ya tarehe ya kufika. Alhamisi ya tatu ya Oktoba 2026 ni tarehe 15, na ukirudi nyuma siku 120 unaangukia Jumatano, Juni 17. Anayeketi mbele ya kompyuta asubuhi hiyo ana nafasi ya kuchagua. Anayekumbuka Septemba hubaki kusubiri mtu afutilie mbali safari yake. Hilo hutokea, hasa utabiri wa hali ya anga ukiwa mbaya, lakini si mpango wa kuombea likizo kazini. Ni bora zamu ziombwe baada ya kibanda kupatikana, si kabla. Ada ya kuweka nafasi hairudishwi, ila ni ndogo kuliko mshahara wa siku moja.

Jambo jingine ambalo halitangazwi sana ni maji. Kabla ya baridi kali, mbuga hufunga mabomba ili yasipasuke, na nyingi hufanya hivyo karibu na katikati ya Oktoba. Mabafu na vyoo vya kuvuta maji hufungwa, na vinavyobaki ni vyoo vya shimo. Aliye na mtoto mchanga afaa kuuliza tarehe ya kufunga mabomba kabla hajalipa.

Matufaha njiani

Safari ya kusini mashariki ina faida moja ambayo kaskazini haina: mashamba. Mji wa La Crescent, ulio kando ya Mississippi, hujiita makao makuu ya matufaha ya Minnesota na umekuwa na tamasha lake la matufaha tangu 1949.

Tufaha linaloulizwa zaidi ni Honeycrisp, lililozalishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Mbelewele zilichanganywa mwaka 1960, lakini aina hiyo haikutolewa kwa wakulima hadi 1991. Miaka 31 ya kusubiri! Chuo kilikuwa na hataza, na kila mche uliouzwa kabla ya hataza hiyo kuisha mwaka 2008 ulikiletea mapato. Tangu 2006, Honeycrisp ni tunda rasmi la jimbo.

Mkulima wa huku nyumbani anayelia na madalali angependa kuona jinsi mashamba hayo yanavyouza. Mengi humwacha mgeni aingie shambani na kuchuma mwenyewe, kisha alipe kwa mfuko au uzani. Mwenye shamba ameokoa ujira wa kibarua, hakuna usafiri wa kwenda sokoni, na mteja anaondoka akifurahi kwamba amefanya kazi. Kando yake huuzwa malenge, juisi ya matufaha na maandazi ya moto. Anayekuja wikendi ya walimu asitarajie Honeycrisp mtini, kwani hukomaa Septemba. Zitakazobaki ni aina za kuchelewa, zinazofaa kuwekwa nyumbani hadi majira ya baridi.

Yaliyo muhimu langoni

Kuni haziletwi kutoka nyumbani. Sheria inataka kuni zinazoingia mbugani ziwe zimeidhinishwa, au zinunuliwe hapo hapo, kwa sababu ya mdudu wa rangi ya kijani anayetoboa miti ya mwashi. Alipatikana Minnesota mara ya kwanza mwaka 2009 katika mji wa St. Paul, na husafiri ndani ya kuni zinazobebwa na watu. Wakulima wa mahindi wanaomjua dumuzi, aliyesambaa Afrika Mashariki ndani ya magunia, hawahitaji maelezo zaidi.

Kupe nao hawajalala. Kupe mwenye miguu myeusi, anayeeneza ugonjwa wa Lyme, bado huwa hai Oktoba, na watoto wakaguliwe nyuma ya magoti na nyuma ya masikio kila jioni. Mapema Novemba huanza msimu wa kuwinda paa kwa bunduki, na baadhi ya mbuga hufungwa kwa siku kadhaa kwa ajili hiyo. Anayesafiri wakati huo avae rangi ya machungwa iliyokolea na apige simu mbugani kwanza.

Ramani ya majani ya Idara ya Maliasili, inayoonyesha kila mbuga imefikia wapi, husasishwa kila wiki katika msimu wenyewe kutokana na ripoti za wafanyakazi wa mbuga. Wiki ya safari, ikionyesha kwamba Whitewater imepita kilele, bado kuna Frontenac au Great River Bluffs, na kwa kuwa kibali cha siku hutumika katika mbuga yoyote siku hiyo, familia inaweza kulala katika moja na kutembea katika nyingine.