Je, Wajua? Mtoto anayelilia mgongo hadeki

Kule Karagwe na Kyerwa, mama akimshusha mtoto mgongoni ili apalilie migomba, kilio huanza kabla jembe halijagusa udongo. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, aliandika mwaka 1969 kuwa silika hiyo ya kulia akiachwa ni urithi wa kale: mtoto aliyeachwa peke yake alikuwa kitoweo cha wanyama wakali.

Ushahidi wa mapema wa jinsi mtoto anavyomtegemea mama ulipatikana ng'ambo ya mpaka, Uganda. Kuanzia mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vya Buganda. Watoto waliotulia, waliothubutu kutambaa mbali na kurudi, mara nyingi walikuwa wa mama walioweza kusimulia vijitabia vya watoto wao bila kuulizwa.