Randa Isiyoharibu Ubao

Maseremala wa Malindi na Kilifi hutumia miti mingi ambayo nyuzi zake hupishana: tabaka moja huelekea huku, na jingine kule. Ndivyo ulivyo mvule, na ndivyo ulivyo mwarobaini, mti uliotoka Asia na kuenea pwani yote. Randa isiyotengenezwa vema ikipita juu ya ubao wa namna hiyo hunyofoa vipande badala ya kulainisha, na fundi hupata hasara ya ubao na ya kazi. Kosa hudhaniwa kuwa la mti, kumbe aghalabu ni la randa.

Neno randa asili yake ni Kiajemi, nalo latumika Bara Hindi pia. Chombo chenyewe ni cha kale. Warumi walikuwa nacho yapata miaka 2,000 iliyopita. Katika randa ya mti, chuma hukazwa kwa kabari na kusogezwa kwa nyundo. Randa ya chuma yenye parafujo ya kusogezea yatokana na kazi ya Leonard Bailey wa Marekani, ambaye kampuni ya Stanley ilinunua haki zake za uvumbuzi mwaka 1869.

Jambo la kwanza ni kunoa. Upande bapa wa chuma husuguliwa juu ya kinoo mpaka ung'ae karibu na makali. Kisha upande wa mshazari hunolewa kwa pembe ya digrii 30 hivi, mpaka kidole kihisi ukingo mwembamba uliojikunja upande wa pili. Ukingo huo huondolewa kwa kukilaza chuma juu ya kinoo na kukisugua taratibu.

La pili ni chuma cha juu. Chuma cha chini hukata. Cha juu huupinda utepe wa maranda mara ukatikapo, usipate nguvu ya kupasua nyuzi zilizo mbele ya makali. Kwa nyuzi zilizonyoka, chuma hicho chaweza kukaa nyuma ya makali kwa milimita 1 au zaidi kidogo. Kwa mwarobaini, isizidi nusu milimita. Vyuma viwili vishikane barabara, ama sivyo maranda yatapenya katikati na kuiziba randa.

La tatu ni kina. Randa hupinduliwa na kutazamwa kutoka mbele. Makali yaonekane kama uzi mwembamba, sawa kulia na kushoto. Afadhali kuanza na makali yasiyokata kabisa, kisha kuyatoa kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Kabla ya kupiga randa, fundi atazame ubavu wa ubao, kisha asukume kuelekea upande ambao nyuzi zapanda. Zikiwa zimepishana, akate maranda membamba na kuishika randa mshazari kidogo. Mwanzoni mwa ubao mkono wa mbele ndio ukandamizao. Mwishoni, ule wa nyuma. Asipofanya hivyo, ubao utakuwa mwembamba nchani kuliko katikati.

Hatimaye, hewa ya chumvi ya pwani hula chuma upesi. Kazi ikiisha, randa ifutwe vumbi, ipakwe mafuta ya cherehani, na ilazwe ubavu ili makali yake yasiguse kitu.