Mwalimu, Huenda Kijana Huyo Si Mjeuri

Mwaka wa 2018 dada yangu aliniomba nimsindikize hadi shule moja ya bweni, mwendo mfupi kutoka Nakuru. Mwanawe wa kidato cha pili alikuwa amesimamishwa masomo kwa majuma mawili, na barua ya shule ilitaja kosa moja tu: ujeuri. Naibu wa mwalimu mkuu alitusimulia kisa chenyewe. Mwalimu wa zamu alimkuta kijana amesimama dirishani baada ya kengele kulia, akamuuliza kwa ukali, "Hii shule ni ya baba yako?" Kijana akajibu, "La, mwalimu. Ni ya serikali." Darasa zima likaangua kicheko.

"Daktari," naibu aliniambia, "wewe ni msomi wa lugha. Hebu nieleze, hilo ni jibu au ni tusi?"

Sikuwa na la kusema. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wa chuo kikuu kwamba swali la balagha haliulizwi ili lijibiwe. Sikuwa nimewahi kujiuliza itakuwaje kwa msikilizaji asiyeitambua balagha aisikiapo. Njiani nilimkaripia mpwa wangu vikali. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Mjomba, yeye ndiye aliyeniuliza." Aibu ya siku hiyo ningali nayo.

Miezi michache baadaye daktari mmoja jijini Nairobi alitueleza kwamba kijana ana usonji, wa aina iliyojulikana kwa muda mrefu kama hali ya Asperger. Jina hilo latokana na Hans Asperger, daktari wa watoto wa Vienna, aliyeandika mwaka wa 1944 kuhusu watoto wenye maneno mengi na ujuzi mwingi lakini wasioelewana na wenzao. Lorna Wing wa Uingereza alilieneza jina hilo mwaka wa 1981. Madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza katika mwongozo wao mwaka wa 1994, kisha wakaliondoa mwaka wa 2013 na kuiweka hali hiyo chini ya jina moja la usonji. Orodha mpya ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka wa 2022, imefuata mkondo huo huo. Tena, mwaka wa 2018 mwanahistoria Herwig Czech alichapisha ushahidi kwamba Asperger alishirikiana na utawala wa Manazi, na kwamba baadhi ya watoto walemavu aliwapeleka katika kituo ambako watoto waliuawa. Hivyo wengi hawalitaki tena jina lake. Jina limebadilika, lakini kijana mwenyewe yu pale pale darasani.

Kwa nini basi mambo huharibika hasa katika ujana? Naamini sababu moja kubwa ni lugha. Watoto wa miaka minane husemezana waziwazi: "Tucheze." "Sitaki." Wafikapo miaka kumi na mitatu, maneno na maana huanza kuachana. Sheng hugeuka kila muhula, utani huvaa sura ya matusi na matusi sura ya utani, na kimya chenyewe huwa jibu. Sarufi hii haifundishwi popote. Wengine huiokota kwa masikio. Kijana mwenye usonji wa aina hii anayo maneno tele, pengine kuliko wenzake, ila kilichofichwa nyuma ya maneno humpita. Ongeza kelele za bwalo na ratiba inayobadilishwa bila taarifa, nawe utaelewa kwa nini aliyeitwa mwerevu utotoni huitwa mjeuri, mwenye maringo, au hata aliyerogwa.

Mpwa wangu aliwapenda mno heroe, wale ndege wa waridi wa Ziwa Nakuru. Angekueleza tofauti ya heroe mkubwa na heroe mdogo, na jinsi maji ya ziwa yalivyopanda katika miaka ya 2010, magadi yakapungua ukali, mwani wanaoula ukapungua, na wengi wao wakahamia kwingine, kama Ziwa Bogoria. Wenzake bwenini walimwambia "endelea, endelea" huku wakikonyezana. Naye akaendelea. Hakujua kwamba "endelea" yaweza kumaanisha "nyamaza".

Najua mwalimu mwenye wanafunzi sitini atauliza atapata wapi muda wa kumshughulikia mmoja. Lakini kusema waziwazi hakuhitaji muda. "Kengele imelia, keti" ni kauli fupi kuliko swali lile la baba. Ratiba ikibadilika, tangaza mapema. Nanyi wanafunzi, mkichoka na hadithi ya mwenzenu, mwambieni kwa upole kwamba mmechoka. Mkimtania, mwambieni ni utani. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima. Pia vipo vituo vya serikali vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalum, vilivyoanza mwaka wa 1984. Mzazi mwenye shaka na aanzie huko, si kwa mganga.

Dada yangu alimhamishia mwanawe katika shule ya kutwa. Huko walipewa insha kuhusu methali "Mchimba kisima huingia mwenyewe". Kijana aliandika kurasa mbili akithibitisha kwamba mchimbaji hana budi kuingia kisimani, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kukichimba kwa mkono. Kwingine ingeitwa dhihaka. Mwalimu wake wa Kiswahili alimwita, akamuuliza alivyoielewa methali, kisha akampa daftari lenye safu mbili: maana ya nje na maana ya ndani. Kufikia mtihani wa kidato cha nne alikuwa amejaza madaftari matatu.

Marafiki hakuwapata wengi, na hata sasa hula peke yake apendapo. Lakini siku moja alinionyesha madaftari yale, akasema, "Mjomba, kumbe hii ni lugha ya kigeni. Mbona hamkuniambia tangu awali? Ningejifunza."

Swali hilo halikuwa la balagha. Lilitaka jibu, nami sikuwa nalo.