Mali Bila Daftari: Kwa Nini Tunahesabu Kima wa Gishwati

NI SAA kumi na mbili asubuhi. Ukungu bado umeufunika msitu wa Gishwati, magharibi mwa Rwanda, nasi watu wanne tunatembea polepole bila kusemezana. Kila baada ya hatua mia tunasimama na kutega masikio. Ghafla matawi yanatikisika. "Inkima," ananong'ona kiongozi wetu. Ni kima wa dhahabu. Naandika daftarini saa, mahali, umbali kutoka njiani na idadi: saba.

Msomaji atauliza, mwalimu na kima wapi na wapi?

Nilizaliwa ukimbizini Masisi, Kongo, na huko ndiko nilikoanzia shule, kwa Kiswahili. Mwaka 1995 familia yetu ilirejea na ng'ombe wachache waliosalia. Hatukuwa na nyumba wala shamba. Tulikuta msitu. Baba alishika shoka, nami nikiwa na miaka 14 nikaburuta matawi. Hatukuwa peke yetu, na njaa haikutupa nafasi ya kufikiri. Lakini ukweli usemwe: tuliukata.

Miaka ya 1970 Gishwati ilikuwa na takriban hekta 28,000. Mradi wa mifugo na mashamba ya misindano vilianza kuumega miaka ya 1980. Baada ya 1994 tukaja sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki hekta 600 hivi. Mlima uliovuliwa miti hauwezi kushika udongo wala maji. Mei 2023, mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa nchi, na Rutsiro yetu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia.

Miti imepandwa upya, na sheria ya mwaka 2015 iliifanya Gishwati na Mukura kuwa hifadhi ya taifa. Je, msitu unapona? Hapo ndipo kima anapoingia. Duniani kote kima huyu anaishi katika milima ya Virunga na Gishwati tu. Hapa kwetu chakula chake kikubwa ni matunda, na mbegu anazodondosha huota. Tukirudia njia ileile, saa ileile, msimu uleule, tutajua kama makundi yanaongezeka au yanapungua. Hatuhitaji kumwona kila mmoja. Umbali tunaoupima huwasaidia wataalamu kukadiria jumla.

Kazi hii ina wanaoipinga, hata nyumbani kwangu. "Mwanangu," Baba aliniambia, "kima wanakula mahindi yangu, nawe unawahesabu?" Sikuwa na jibu la haraka. Mkulima wa mpakani asipofidiwa, asipoonja faida ya utalii, hesabu zetu zitakuwa karatasi tu.

Jioni ile aliniuliza tuliona wangapi. Nikamwambia saba. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema: "Tulipofika hapa walikuwa wengi. Hakuna aliyewahesabu."

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliorejea tulipewa nchi na msitu wake. Msitu tuliupoteza bila habari. Hiki kidogo kilichobaki tukiandike, tukilinde, na watoto wetu tuwafundishe kukihesabu.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari wilayani Rutsiro.