Mtunzi Anayejitegemea: Ziara Humlisha Leo, Hakimiliki Humlisha Asiposafiri

Miongoni mwa wanamuziki lipo kundi lenye mazingira ya pekee: wale wanaotunga nyimbo zao, wakaziimba wenyewe, wakazirekodi kwa fedha zao na kuzizungusha mji hadi mji bila kuwa chini ya kampuni yoyote ya muziki. Uhuru wao ni mkubwa, na mzigo wao vilevile. Mwanamuziki wa aina hiyo ndiye meneja, mhasibu, dereva na mara nyingi muuzaji wa fulana mlangoni. Kipato chake kikuu hutokana na maonesho. Siku asiposimama jukwaani hakiingii kitu, isipokuwa awe amejiwekea chanzo kingine, nacho ni haki juu ya nyimbo zenyewe.

Namna chanzo hicho kinavyojengwa inaonekana vizuri katika maisha ya kazi ya Ani DiFranco, mwimbaji na mpiga gitaa aliyezaliwa mwaka 1970 katika mji wa Buffalo, jimbo la New York nchini Marekani. Alianza kupiga muziki katika baa za mji huo akiwa bado mtoto. Mwaka 1990, akiwa na umri wa takriban miaka 20, alitoa albamu yake ya kwanza, na badala ya kuipeleka kwa kampuni kubwa alianzisha lebo yake mwenyewe, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Righteous Babe. Kwa miaka kadhaa aliendesha gari kutoka mji mmoja hadi mwingine, akiimba katika vilabu, vyuo vikuu na matamasha, na kuuza kanda zake baada ya maonesho. Jina lake lilienea kwa wasikilizaji kuambiana, muda mrefu kabla vyombo vikubwa vya habari havijamtazama.

Kampuni kubwa zilipomfuata na mikataba, alizikataa. Mkataba wa kawaida wa kampuni hizo huipa kampuni umiliki wa rekodi na kumwachia msanii asilimia ndogo ya mauzo, tena baada ya kampuni kurejesha gharama ilizotanguliza. DiFranco, kwa kumiliki lebo, alibaki na sehemu kubwa zaidi ya bei ya kila nakala, ingawa aliuza nakala chache kuliko nyota wa kampuni hizo. Jarida la Ms. lilipomsifu kwa hesabu hiyo mwaka 1997, alijibu kwa barua ya wazi akieleza kwamba hakupenda kupimwa kwa fedha. Alitaka atazamwe kwa kazi yake ya muziki. Mwaka huohuo ilitoka albamu ya Living in Clip, iliyorekodiwa katika maonesho ya ziara zake, nayo ilitunukiwa hadhi ya dhahabu nchini Marekani. Ziara ilikuwa imezaa rekodi, na rekodi ilikuwa mali yake.

Mwaka 2005 maumivu ya kano za mikono yalimlazimu kusitisha ziara kwa miezi kadhaa, baada ya takriban miaka 15 ya safari zisizokwisha. Kwa msanii anayetegemea jukwaa pekee, likizo ya namna hiyo ni sawa na kufukuzwa kazi. Mwenye kumiliki tungo na rekodi zake huendelea kupokea sehemu yake kila zinapouzwa, zinapochezwa redioni au zinapoimbwa na wengine.

Sheria za Marekani na za Tanzania hazifanani kwa kila jambo, lakini nchi zote mbili ni wanachama wa Mkataba wa Berne unaolinda kazi za watunzi nje ya mipaka ya nchi zao. Marekani ilijiunga mwaka 1989, Tanzania mwaka 1994. Katika nchi zote mbili wimbo mmoja uliorekodiwa hubeba mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodi. Ya pili ni rekodi, yaani sauti iliyonaswa studioni. Mtu anaweza kumiliki ya kwanza akaikosa ya pili, na hapo ndipo migogoro mingi huanzia. Kijana hulipa nusu ya gharama za studio, mtayarishaji hutengeneza mdundo, rafiki huchangia kiitikio, kisha wote huagana kwa kupeana mikono. Wimbo usipovuma hakuna tatizo. Ukivuma, kila mmoja hukumbuka makubaliano kwa namna yake.

Afrika Mashariki inaujua mkasa wa aina hiyo kupitia wimbo wa Malaika. Fadhili William wa Kenya aliurekodi na kutambuliwa kuwa mtunzi wake, Miriam Makeba akaufikisha kwenye majukwaa ya dunia, na kundi la Boney M likaurekodi mwaka 1981. Hata hivyo, Adam Salim alidai kwamba ndiye aliyeutunga, katika miaka ya 1940, na suala hilo linazungumzwa hadi leo.

Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 humlinda mtunzi tangu kazi inapoundwa. Usajili si sharti la kupata haki. Faida ya kusajili kazi COSOTA ni kupata ushahidi wa jina na tarehe endapo mtu mwingine atajitokeza kuidai. Ulinzi wa utunzi hudumu katika maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo warithi nao hunufaika. Hakishiriki ni haki za mwimbaji, mtayarishaji wa rekodi na chombo cha utangazaji. Nyimbo za jadi zina utaratibu wake: aliyerekodi wimbo wa ngoma ya kijijini kwao hawi mtunzi wa wimbo huo. Zanzibar ina sheria na ofisi yake, COSOZA.

Usajili wa wasanii na vibali vya maonesho ni jukumu la Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Zaidi ya kibali, msanii anayekwenda ziarani anahitaji mkataba wa maandishi na mwandaaji unaotaja malipo, usafiri, malazi na iwapo onesho linaruhusiwa kurekodiwa na kurushwa mtandaoni. Kipengele hiki cha mwisho hupuuzwa mno, ilhali onesho likirekodiwa huzaliwa rekodi mpya yenye mmiliki wake.

Baada ya onesho, hasa la nje ya nchi, msanii humkabidhi mwandaaji orodha ya nyimbo alizoimba, kila wimbo ukiwa na jina la mtunzi. Orodha hiyo huiwezesha taasisi ya mirabaha ya nchi husika kujua fedha zilizokusanywa ni za nani na kuzipeleka kwa taasisi ya nchi anakotoka mtunzi, pale zinapokuwa na makubaliano. Jina linaloandikwa hapo ni lile lililosajiliwa. Likiandikwa la jukwaani pekee, malipo yanaweza kukwama njiani.