Inang'aa Lakini Siyo Dhahabu: Hesabu ya Fomula kwa Vijana wa Ngokolo



Sisi wa Ngokolo wengi tuna ndugu machimboni, kama siyo Kahama basi Geita. Siku moja anarudi na jiwe linalometa manjano, nyumba nzima inaanza kuota bati jipya. Kumbe ni pairiti! Haya ni madini ya chuma na salfa, na kwenye miamba ya Geita yanakaa pamoja na dhahabu, ndiyo maana watu wanalizwa.

Sasa mwanafunzi wa kidato cha tatu anajuaje fomula yake? Twende taratibu.

Tuseme maabara wamechambua gramu 12.0 za pairiti safi, wakapata chuma gramu 5.6 na salfa gramu 6.4. Kwanza jumlisha: 12.0. Ingepungua, ujue kuna elementi imesahaulika au vipimo vimekosewa.

Hapa ndipo wengi wanapoteza maksi. Wanaona 5.6 na 6.4 zinakaribiana, wanaandika FeS. Kosa! Fomula haihesabu gramu, inahesabu atomu. Pima kilo 5 za matikiti na kilo 5 za machungwa: mizani itasema sawa, lakini hebu hesabu moja moja uone.

Kwa hiyo gawanya kila uzito kwa uzito wa atomu yake upate moli:

Chuma: 5.6 ÷ 56 = 0.1
Salfa: 6.4 ÷ 32 = 0.2

Kisha gawanya zote kwa ile ndogo, yaani 0.1. Unapata 1 kwa 2. Jibu ni FeS₂.

Angalizo: ukipata 1 kwa 1.5 usilazimishe iwe 2. Zidisha zote mara mbili, inakuwa 2 kwa 3. Chuma gramu 11.2 na oksijeni gramu 4.8 zinakupa hivyo hivyo: Fe₂O₃.

Rudi kwenye fomula ya pairiti: Fe na S tu, Au haimo. Kung'aa kwa jiwe hakutoshi kuwa ushahidi. Gonga kipande kwa nyundo: pairiti inavunjika vunjika, dhahabu inabonyea na kutandazika. Ila usilichome jikoni kujaribu, gesi ya salfa inayotoka ni mbaya kwa mapafu.

Kabla hujauza ng'ombe ununue "dhahabu" ya mtu, piga hesabu kwanza.

Nawasilisha.