Mungu Anatawala, Lakini Hakutupa Hirizi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliwaona Wareno wa Francisco de Almeida wakiteka Kilwa Kisiwani Julai 1505, wakisimika msalaba na kujenga ngome. Tulisema kwamba ushindi ule haukuwa muhuri wa Mungu juu ya kazi yao, na kwamba mwaka 1512 waliihama ngome yenyewe. Leo tuwatazame walioshindwa na waliouawa, kwa maana hapo ndipo fundisho la enzi ya Mungu linapomgusa Mkristo wa kawaida wa Kilwa, Lindi au Mtama. Yeye hana mji anaotaka kuuteka. Anataka mtoto apone, mashua irudi salama, korosho zipate bei. Hoja yangu ni kwamba kumtumaini Mungu anayetawala si kupewa hakikisho la mambo hayo, na anayemtumaini kwa sharti la kuyapata ameigeuza imani kuwa hirizi.

Silitaji jambo hili kwa kuwadharau wazee wetu. Julai 1905 watu wa Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, waling'oa pamba ya mkoloni Mjerumani, na Vita vya Majimaji vikaanza. Walikuwa na haki ya kuchoka: kazi za shuruti, kodi, viboko. Dawa ya Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe iliyaunganisha makabila mengi dhidi ya adui mmoja, na hilo ni tukio kubwa katika historia yetu. Lakini iliahidi pia kwamba risasi zitageuka maji, na ahadi hiyo haikutimia. Sasa waangalie Wakristo wa mwaka uleule. Tarehe 14 Agosti, Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa karibu na Liwale akiwa safarini kwenda Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Misheni za Lukuledi na Nyangao zikateketezwa, na ya Waanglikana kule Masasi pia. Sala zao hazikuzuia mikuki. Ikiwa imani ni kinga ya mwili, basi yao nayo ilishindwa, na mtu mkweli hawezi kulikwepa hilo. Ila Maandiko hayakuahidi kinga ya namna hiyo. Wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli, wakiwa mbele ya tanuru, walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, wakaongeza kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu yake. Nyongeza hiyo ndiyo imani yenyewe, na inasikitisha kwamba mimbari zetu nyingi huishia kwenye nusu ya kwanza.

Wapo watakaojibu haraka kwamba damu ile ilizaa matunda: Ndanda ilianzishwa mwaka 1906, na Nyangao leo ina hospitali inayotibu Wakristo na Waislamu bila kubagua. Ni kweli, na tushukuru. Lakini tukiyafanya matunda kuwa ushahidi wa enzi ya Mungu, tumerudi kwa Almeida, aliyesoma mapenzi ya Mungu katika mafanikio. Yako makaburi mengi huku kusini ambayo hayakuzaa hospitali wala shule. Je, waliomo walikuwa nje ya mkono wa Mungu?

Hapo linakuja pingamizi zito kuliko yote. Ili kuwavunja nguvu wapiganaji, Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula, wakaiacha njaa imalize kazi. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000, na mwanahistoria wetu G. C. K. Gwassa akakadiria kati ya 250,000 na 300,000. Nani atathubutu kumwambia mjukuu wa marehemu wale kwamba Mungu alikuwa akitawala? Nami nasema tuthubutu, kwa masharti. Petro, akihubiri siku ya Pentekoste, alisema Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu, na papo hapo akawatia hatiani waliomuua. Hakulitumia shauri la Mungu kuwaosha mikono. Kwa hiyo atakayesema njaa ile ilipangwa na Mungu ili kumsamehe aliyewasha moto, huyo haifundishi enzi ya Mungu, anaitukana. Tena tufikiri kinyume chake. Gavana von Götzen alifariki mwaka 1910 bila kuhukumiwa na mahakama yoyote kwa njaa ile. Kama hakuna anayetawala juu ya magavana, kesi ya wale waliokufa imekwisha, nao wameshindwa milele. Kuamini kwamba Mungu anatawala ni kukataa kwamba faili lile limefungwa.

Wengine watauliza kama fundisho hili halitufanyi wavivu. Msibani tumezoea kuambiana kwamba kazi ya Mungu haina makosa, hata pale mama mjamzito alipopoteza maisha kwa kukosa usafiri usiku. Faraja hiyo ina ukweli, lakini haipaswi kuficha uzembe wa mtu. Soma Matendo 27. Paulo ameshahakikishiwa kwamba hakuna atakayepotea katika dhoruba, lakini mabaharia wanapotaka kutoroka na mtumbwi, anamwonya akida kwamba wasipobaki merikebuni hakuna atakayeokoka. Kisha anawahimiza watu wale chakula, wapate nguvu. Ahadi haikumwondolea kazi. Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipoonya juu ya Kimbunga Hidaya, mvuvi wa Kilwa aliyeivuta mashua yake nchi kavu hakupungukiwa imani. Na barabara ilipokatika Somanga, kuwapikia wasafiri waliokwama kulikuwa utii kwa Mungu yuleyule anayezitawala mvua.

Linabaki swali ambalo wasomaji wa makala haya hawataliacha lipite: ikiwa Mungu anatawala yote, tunaomba nini tunapoomba? Hilo tutalichukua wiki ijayo, tukianzia na sala ya Gethsemane.